Lugalo, Mahenge, Mahiwa: shajara ya kupima kanuni za vita vya mezani

10 Februari 2024: tunachopima

Kanuni za michezo ya vita ya enzi za ukoloni, inayochezwa mezani kwa sanamu ndogo na dadu, zipo nyingi, na karibu zote zimeandikwa na mtu aliyesimama upande wa msafara. Askari wenye bunduki wako katikati ya meza, wenyeji wanatokea pembeni. Sisi tunaishi Mtwara. Babu zetu wengine walikuwamo ndani ya msafara, wamebeba mzigo ama bunduki, na wengine walikuwa porini wakiusubiri. Nataka kanuni zinazowatazama wote kwa jicho moja. Hiyo ndiyo sababu ya mradi huu, na naandika hatua kwa hatua ili mwenye nia aweze kuufuata bila kurudia gharama zetu.

Kipimo chenyewe ni hiki. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo karibu na Iringa, Wahehe wa Mkwawa waliuangamiza msafara wa kijeshi wa Mjerumani Emil von Zelewski kwa muda mfupi sana, mkuki ukiwa silaha yao kuu. Tarehe 30 Agosti 1905 maelfu ya wapiganaji wa Majimaji walilivamia boma la Wajerumani la Mahenge, wakavunwa na Maxim mbili, yaani bunduki za rashasha. Kati ya siku hizo mbili ni miaka 14 tu. Kanuni nzuri zinatakiwa zitoe Lugalo na zitoe Mahenge bila mtu kuzibadilisha katikati. Kanuni zikitoa Mahenge kila siku, basi zimeegemea upande mmoja. Zikitoa Lugalo kila siku, zinatudanganya kwa kutufurahisha.

Jaribio la tatu ni la nyumbani: Mahiwa, mkoani Lindi, Oktoba 1917, katika Vita Vikuu vya Kwanza kati ya Wajerumani na Waingereza. Huko walipambana askari Waafrika wenye mafunzo pande zote mbili, kwa hiyo hakuna pa kujificha nyuma ya neno "kabila".

Vitabu ni vitatu. The Sword and the Flame cha Larry Brom, cha mwaka 1979, ndicho mzee wa fani hii. Black Powder cha Rick Priestley na Jervis Johnson kilitoka 2009, na The Men Who Would Be Kings cha Daniel Mersey kilitoka 2016. Tulichanga watatu (mimi, mwalimu wa historia na fundi cherehani mmoja wa hapa Shangani) tukanunua nakala za kielektroniki. Zote pamoja zilikaribia shilingi 150,000, na hiyo ndiyo gharama kubwa kuliko zote zilizofuata.

24 Februari: sanamu

Sanamu za madini za kuagiza Uingereza tuliziweka kando mapema, maana bei ya kifurushi na posta yake ingetumaliza kabla hatujacheza. Tukachora wenyewe. Askari wa Kijerumani ana tarbushi iliyovishwa kitambaa cha kaki chenye pazia la kufunika shingo. Mhehe ana ngao ndefu. Mpagazi ana mzigo kichwani, naye tulimchora kwa uangalifu uleule. Tukachapa kwa rangi kwenye manila pale stationari, 1,000 kwa karatasi, jumla 24,000.

Kundi la kwanza liliharibika. Huu ni msimu wa mvua, hewa ya Shangani imebeba bahari, na gundi ya mbao tuliyotumia ina maji mengi. Upande uliopakwa ulitanuka, ulipokauka ukavuta, na jeshi zima likajikunja. Kilichotibu ni mpangilio wa kazi. Kwanza bandika karatasi mbili mgongo kwa mgongo kabla ya kukata sanamu yoyote. Pili zilaze chini ya matofali usiku kucha. Tatu paka vanishi ya mbao nyembamba pande zote mbili, mara mbili, ndipo ukate. Mkato nao upake vanishi kwa ncha ya brashi, kwa sababu unyevu huingilia hapo. Vanishi ilikuwa 8,000. Vipande vya plaiwudi vya kusimamishia tulipewa na seremala, mabaki ya kabati, tukamlipa 5,000 ya kuvikata.

Vichaka ni makumbi ya nazi. Chambua nyuzi, chovya kwenye rangi ya kijani iliyochanganywa na gundi, anika. Hayagharimu kitu, na kwa macho yangu yanafanana na pori la kwetu kuliko miti ya plastiki niliyowahi kuiona pichani. Moshi wa bunduki ni sufi kutoka kwenye mto wa zamani.

9 Machi: dadu ya pande 20

Kitabu cha Brom kinataka dadu ya pande 20 kwa kufyatua. Hapa mjini hakuna duka linaloiuza. Dadu za ludo zipo kila kona.

Fundi cherehani alipendekeza vifungo vya nguo vyenye namba 1 hadi 20 ndani ya mfuko: chota kimoja, soma, rudisha, tikisa. Kihesabu ni sahihi kabisa. Kimchezo hakifai, maana kikosi cha watu 20 kinapofyatua unachota mara 20, na zamu moja inakula muda wote.

Tulichokikubali ni dadu mbili za ludo, nyekundu na nyeupe, zikisomwa kwa mpangilio: nyekundu kwanza, nyeupe baadaye. Matokeo ni 36 yenye nafasi sawa, kuanzia 1-1 hadi 6-6. Palipoandikwa tano katika ishirini, tunachukua tisa za mwanzo katika thelathini na sita, na hapo hakuna tofauti hata chembe. Nne katika ishirini inakuwa saba, ambayo ni asilimia 19.4 badala ya 20. Moja katika ishirini inakuwa mbili, asilimia 5.6 badala ya 5. Kosa hilo dogo halionekani mezani. Seti ya dadu kumi za rangi mbili: 3,000.

30 Machi: Lugalo

Mwezi wa Ramadhani, tulikuwa tukianza baada ya tarawehe. Ubao wa futi 6 kwa 4, shuka ya kijani, makumbi pande zote za njia. Vipimo vya inchi tunavichukua kwa futi ya fundi cherehani, ambayo inajikunja vizuri kuzunguka vichaka.

Zelewski alikuwa na askari zaidi ya 300 na wapagazi zaidi ya 100, wakitembea mstari mmoja mrefu. Mizinga na Maxim vilikuwa vimebebwa, havijafungwa tayari. Wahehe walikuwa wamelala karibu sana na njia. Askari wengi hawakupata nafasi ya kufyatua zaidi ya risasi moja au mbili. Mambo haya matatu (umbali, mizigo, muda) ndiyo niliyotaka kuyaona yakitokea.

Tulianza na Brom. Kwake zamu hutolewa kwa karata: nyekundu, yaani kopa na uru, ni za msafara, na nyeusi, shupaza na pau, ni za wenyeji. Unafunua moja, upande wa rangi hiyo unasogeza kikosi kimoja. Kisha karata zinachanganywa upya kwa ajili ya kufyatua. Ni utaratibu wenye uhai, hakuna anayekaa akisinzia. Mwendo nao ni wa dadu: msafara hurusha mbili, wenyeji tatu, kwa hiyo wenyeji huenda kwa wastani inchi 10 na nusu dhidi ya 7. Hapo Brom amewatendea haki watu waliokua porini.

Lakini katika raundi ya kufyatua karata ya kwanza kufunuliwa ilikuwa saba ya kopa. Kikosi cha mbele, kilichokuwa kinatembea na bunduki begani, kikageuka na kufyatua kwenye safu ya Wahehe waliokuwa ndiyo kwanza wanainuka kwenye majani. Watano chini. Safu ikapima moyo wa kusonga ikashindwa. Mwalimu alikunja uso. "Hapa huyu askari amejuaje? Nani kamwambia?" Swali lake ndilo lililotuongoza jioni zote zilizofuata. Karata zilipotoka nyeusi kwanza, Lugalo ilitokea kama ilivyotokea. Zilipotoka nyekundu, shambulio la kuvizia liligeuka kuwa vita vya uwanjani. Shambulio lililopangwa kwa ustadi mkubwa haliwezi kuachiwa karata.

Kwa Mersey shida ni ileile, sura nyingine. Kwake kikosi hurusha dadu mbili kufikia uwezo wa kiongozi wake ndipo kitende. Ila kila aina ya kikosi ina tendo lake la bure, lisilohitaji dadu, na la askari wa kawaida ni kufyatua. Kwa askari aliyejipanga ni sawa kabisa, mafunzo ndiyo hayo. Kwa askari aliye safarini, jua kali, mbele yake mgongo wa mwenzake, si sawa.

Dawa tuliyoipata inafaa vitabu vyote viwili. Kila kikosi cha msafara kinaanza na kibandiko cha "safarini". Mwenye kibandiko hana tendo la bure (Mersey), na karata yake ya kwanza inatumika kukitoa kibandiko tu, haimruhusu kusogea wala kufyatua (Brom). Maxim iliyobebwa inahitaji kupoteza zamu nyingine ya kuifunga. Kibandiko kinaondoka mapema kama msafara umetuma watu mbele kuchunguza pori, na kuwatuma kunapunguza mwendo wa wote. Zelewski hakufanya uchunguzi wa maana. Mchezaji wetu sasa ana uamuzi huohuo mkononi, na akichagua kuchelewa anaweza kupona.

Baada ya hapo Lugalo ilitokea mara nyingi, si kila mara. Wahehe nao walikuwa wakipoteza watu wengi, jambo ambalo ni kweli ya historia na ambalo mashairi ya ushindi hulisahau.

4 Mei: Mahenge

Kabla ya mchezo kuna jambo la kuandika. Mzee mmoja wa Mikindani, jirani ya mwalimu, alikuja kutazama. Akamwamkia kila mtu, akakaa, akatazama sanamu za Majimaji zilivyopangwa, akasema: "Wanangu, hawa ni marehemu. Mnawahesabu kama nini?" Mwalimu akamjibu kwa adabu kwamba tunawahesabu ili tuelewe walichokabiliana nacho. Mzee hakupinga, wala hakusema ameridhika. Tulilizungumza baada ya yeye kuondoka, na tukafuta pointi za kuua katika vitabu vyote. Anayeshinda ni aliyefikia lengo: kulitwaa boma, kuvuka mto, kuokoa chakula. Waliokufa wanaandikwa, hawalipwi. Nampendekezea yeyote atakayefuata kazi hii afanye hivyo tangu mwanzo. Na mchezo wenyewe unakuwa bora, kwa sababu mtu anaacha kuwatuma watu wafe bure.

Mahenge haina shida ya kibandiko. Boma limejiandaa, Maxim mbili ziko tayari, askari 60 hivi pamoja na wenyeji mia kadhaa walio upande wao. Uwanja mweupe. Vitabu vyote viwili vilitoa matokeo ya kweli bila kusaidiwa, na kibandiko cha "safarini" hakikuguswa kwa sababu hakuna aliyekuwa safarini. Kanuni zilezile zimetoa Lugalo na Mahenge. Hapo nilifurahi kweli.

Mersey anapendekeza majeshi ya pointi 24 kila upande, askari wa kawaida kikosi cha watu 12, wenyeji kikosi cha 16 kwa bei nafuu. Mezani huo ni usawa mzuri kwa jioni ya kirafiki. Kwa Mahenge tuliutupa, maana hakukuwa na usawa wowote pale.

Kilichotuchukua muda ni maji, yaani dawa ambayo wapiganaji wa Majimaji waliamini ingewakinga na risasi. Vitabu vya fani hii vinapokutana na imani ya aina hii huigeuza kuwa wazimu: ongeza nguvu ya kushambulia, punguza woga. Mimi naona wamekosea mahali muhimu. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mganga aliyeanza kuyagawa maji hayo, alinyongwa tarehe 4 Agosti 1905, na bado mwezi huohuo Wapogoro na Wambunga walikuwa Mahenge, na Wangoni wakafuata. Watu ambao hawakuwa na mfalme mmoja walisimama pamoja. Huo ndio uwezo maji yaliyotoa, wa kuunganisha, na Wajerumani waliuogopa kuliko mikuki.

Kwa hiyo kwetu maji hayaongezi nguvu ya mkono. Yanafanya vikosi vya makabila mbalimbali vitii amri moja. Kwa Mersey ina maana dadu moja ya uongozi inaweza kusogeza vikosi viwili au vitatu vilivyo karibu. Vikosi vilivyoona kwa macho risasi zikiangusha mstari wa mbele vinarusha dadu. Vikishindwa, kila kabila linarudi kwa kiongozi wake. Ndivyo ilivyokwenda baada ya Mahenge. Tulijaribu kwanza athari hiyo iwapate vikosi vyote vya meza kwa pamoja, na vita vikawa vinakatika ghafla raundi ya tatu. Tulipoiwekea mpaka wa kuona, watu wa upande wa pili wa boma waliendelea kuja bila kujua yaliyowapata wenzao, na hiyo inaumiza kuitazama.

22 Juni: Nyangao na Mahiwa

Tulikwenda kuitazama ardhi. Basi la Masasi kupitia Mnazi Mmoja, nauli ya kwenda na kurudi 16,000 kwa mtu. Nyangao iko barabarani, na bonde la Lukuledi liko karibu.

Nilichukua kamba yenye mafundo ya mita. Mwalimu alikuwa anatembea kuingia kichakani, mimi nasimama na kusema "basi" nikimpoteza. Mbaazi za Juni zimeshapita kichwa cha mtu, na ndani yake mtu anapotea upesi kuliko msituni. Mkulima mmoja akatukumbusha jambo ambalo vitabu havikutuambia: Oktoba, mwezi wa vita, majani yamekauka, sehemu nyingine yameungua, na macho yanafika mbali kuliko tulivyokuwa tukipima. Tuliandika vipimo viwili, cha kijani na cha kiangazi. Kwa mezani: kichaka cha Juni kinazuia macho kwa inchi 3, cha Oktoba kwa inchi 8.

13 Julai: Mahiwa kwa Black Powder

Vita vyenyewe vilidumu kuanzia katikati ya mwezi hadi tarehe 18 Oktoba 1917. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa na watu kama 1,500. Waingereza walikuwa na 4,900 hivi, wakiwemo askari wa Naijeria, chini ya Jenerali Beves aliyewatuma moja kwa moja kwenye mitaro. Hesabu inayotajwa zaidi ni kwamba Waingereza walipoteza karibu 2,700, Wajerumani zaidi ya 500. Ukubwa huu haubebeki kwa Brom wala Mersey, ambao sanamu yao moja ni mtu mmoja.

Black Powder kinajitambulisha kuwa cha miaka ya 1700 hadi 1900, kwa hiyo 1917 tuliivuta ndani kwa nguvu. Uzuri wake ni amri: mchezaji anatamka kwa sauti anachotaka kikosi kifanye, ndipo anarusha dadu mbili dhidi ya uwezo wa kamanda. Akifaulu kidogo kikosi kinakwenda mwendo mmoja, akifaulu sana mitatu, na akipata sita mbili mambo yanaharibika. Mkanganyiko wa Mahiwa ulijitokeza vizuri, kikosi kimoja kinasonga, jirani yake kimesimama, ubavu wazi.

Kilichovunjika ni mwendo wa mara tatu. Bataliani nzima ya Wanaijeria ilipenya pori la inchi 30 kwa zamu moja ikatokea nyuma ya mitaro. Mtu aliyetembea Mahiwa na kamba hawezi kukubali. Dawa: ndani ya makumbi mwendo ni mmoja tu, hata dadu iwe nzuri vipi, ziada inatumika kujipanga upya.

La pili ni risasi. Lettow-Vorbeck alishika uwanja, lakini vita vilimla risasi na watu asioweza kuwafidia, na tarehe 25 Novemba alikuwa akivuka Ruvuma kuingia upande wa Wareno. Tulipocheza bila kuhesabu risasi, Mjerumani alikaa mtaroni akifyatua bila kikomo, na hakuwa na sababu yoyote ya kuondoka. Sasa kila kikosi chake kina mbaazi kavu kwenye kisosi. Ukifyatua, toa moja. Zikiisha, una singe tu. Mara moja mchezaji wa Kijerumani akaanza kunyamaza, kusubiri, kurudi nyuma usiku. Gharama ya mbaazi: gao moja kutoka jikoni.

Bunduki za zamani za mfano wa 1871, zenye baruti ya moshi, tunazipa sufi: kikosi kikifyatua weka sufi mbele yake, na zamu inayofuata hakioni zaidi ya inchi 6 huku kila mtu akijua kilipo. Hii tumeirudisha hadi Lugalo.

3 Agosti: wapagazi

Hapa vitabu vyote vitatu havijatosha. Wapagazi ndani yake ni mzigo wa kulindwa, ama hawapo kabisa. Katika Vita Vikuu vya Kwanza walikufa kwa makumi ya maelfu Afrika Mashariki, wengi kwa maradhi na njaa, na hakuna jeshi lililosogea bila wao.

Mezani kwetu sasa kila kikosi cha msafara kina sanamu tatu za wapagazi nyuma yake. Moja ni risasi, moja chakula, moja maji ya kunywa na dawa. Akipotea wa risasi, mbaazi hazijazwi. Akipotea wa chakula, kikosi kinaanza vita vinavyofuata kikiwa pungufu. Wapagazi wana dadu yao wenyewe ya kuamua kubaki ama kukimbia, na hawaamriwi na mchezaji yeyote. Mwamuzi ndiye anayewarushia. Wazo la mwamuzi tumelichukua kwa Howard Whitehouse, ambaye katika kanuni zake za Science versus Pluck wachezaji wote huwa maofisa wa Kiingereza na adui huendeshwa na mwamuzi. Sisi tumeligeuza: pande zote mbili zina wachezaji, na mwamuzi anashika pori, njaa na wapagazi.

Jaribio la kwanza wapagazi walikimbia haraka mno. Mwalimu alikuwa na hoja: walioandikishwa kwa nguvu mbali na kwao hawana pa kukimbilia, wa jirani wanapajua. Sasa dadu inategemea umbali kutoka kijijini kwao, na msafara unaoingia ndani zaidi unawapoteza wachache kwa kukimbia, wengi kwa maradhi.

Hadi leo gharama zote, ukiacha vitabu, nauli na chai, ni 40,000. Anayetaka kuanza aanze na Lugalo kwa kanuni za Brom, vikosi vinne kwa msafara na sita kwa Wahehe, vibandiko vya "safarini" vikiwa vimeshakatwa kabla hajapanga meza. Sisi tunahamia kwenye ramani ya bonde la Lukuledi ya 1905 hadi 1907, ambako hesabu itakuwa ya maghala ya nafaka yaliyochomwa, na mwalimu tayari ameanza kuichora.